Kitovu cha Yusuf na Kisiwa cha Watu Wengine

Mwanangu Salma,

Salamu sikuandikii, maana asubuhi tulikunywa chai meza moja na kesho tutakunywa tena kabla teksi haijaja. Hali yangu unaijua, goti ni lilelile. Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo utanijibu kwa Kiingereza, mimi nitakasirika, Daudi ataingilia kati kutupatanisha, na nilichotaka kusema kitabaki palepale. Soma ukiwa ndani ya ndege, polepole. Najua Kiswahili cha kuandikwa kinakuchosha, lakini safari ni ndefu, utamaliza.

Mmekwenda Quakers Hill, pembeni huko mwa Sydney, kumpa funguo yule fundi wa rangi, ili nyumba yenu mpya iwe tayari. Kwa hiyo kesho mnaondoka kwangu kweli kweli. Miezi mitatu Grenada, kile kisiwa cha Karibiani, kwa mama yake Daudi, na mkirudi hamrudi hapa kwangu Guildford. Yusuf mmemchukua, nyumba iko kimya, na meza yangu ya kulia, baada ya wiki nyingi za ramani zenu, leo imebaki na chupa ya chai peke yake.

Habari za chandarua na maji ya kuchemsha sitakuambia. Wewe ni muuguzi, mimi hospitali hiyohiyo nasukuma toroli za mashuka. Nakuandikia juu ya mambo mawili tu: wivu wangu, na kitovu cha mwanao, ambacho nilikuambia sijui kiko wapi. Najua kiko wapi.

Nianze na wivu, kwa kuwa ndio uliozaa huo uongo.

Nina wivu, Salma. Si ule wa kununa siku moja halafu ukaisha. Ninao tangu uliporudi kutoka Parramatta kwa yule dada wa tiketi, ukicheka mwenyewe mlangoni. Alikuwa amekuwekea vitabu vya picha: hoteli ya ufukweni, chakula chote kimo ndani ya bei, mtoto ana bwawa lake dogo la kuogelea. Ukakataa. Ukaja kunisimulia jikoni, mimi nakanda unga wa maandazi.

"Mama, we're not doing the resort thing. Tunakaa kwa Granny, kule mlimani. Nataka Yusuf aone how people actually live."

Nikakuuliza, "Choo kiko ndani?"

"Nje. It's fine. Des alikulia hapo, hakufa."

Huyo Des ni mume wako, ambaye mimi namwita Daudi, jina lake la siku ya nikahi, na ambaye kwenu wote wawili, wewe na mama yake, bado ni Desmond.

"Na maji?"

"Yanatoka asubuhi tu. You fill the drums."

Ulivyolitamka hilo la kujaza mapipa, mtu angedhani umeahidiwa dhahabu. Nikaendelea kukanda, na yale maandazi yalitoka magumu, mkayala bila kusema kitu.

Baada ya hapo nilikuona ukiipanga safari ile kwa namna ambayo sijawahi kukuona ukipanga jambo, hata harusi yako. Ulikwenda maktaba ukaazima kitabu, ukakirudisha kwa kuwa kilisifu hoteli tu, ukaazima kingine. Ulijua siku ya soko. Ulijua basi dogo la mwisho linaondoka mjini saa ngapi kupanda milimani, na kwamba ndege yenu ikichelewa hamtalipata, kwa hiyo ukampigia binamu yake Daudi mwenye pikapu. Ulijua duka la kijijini linauza maziwa ya unga ya aina gani. Ulikuwa unakaa kwenye ngazi za nyuma na simu, kadi ya kupigia ng'ambo mkononi, ukimuuliza mkweo Bi Ernestina mvua huko zinanyesha vipi na watoto wanavaa nini wakienda shambani, na yeye anacheka sauti inafika mpaka kwenye sinki langu.

Siku moja ukamuuliza anapikaje chakula chao kile cha Jumamosi. Ukaja kunieleza umesisimka. Unachukua shelisheli, Mama, unalikata vipande, unalipika kwenye tui mpaka tui linakauka na mafuta yanabaki chini ya sufuria. Salma. Shelisheli la nazi nimekupikia tangu tulipogundua duka la Wafiji linaloliuza la barafu. Uligeuza kipande kwa uma, ukaniuliza kama kuna chipsi. Tofauti ya chakula chao na changu ni mkia wa nguruwe, ambao nakuomba uwaachie wenyewe.

Na zile kungumanga. Daudi alipoletewa mfuko kutoka kwao, ulifumba macho ukanusa, ukanisogezea puani. "Mama, smell this." Mimi nina kungumanga kabatini tangu hujazaliwa. Ndiyo unayoila kwenye tambi za Idi kila mwaka. Nilikwambia inanukia vizuri, nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Ulinialika, sikatai. Ulisema kuna kitanda, Bi Ernestina amesema nije. Nikakwambia kazini hawatanipa ruhusa. Sikuwaomba. Sababu ni kwamba nisingevumilia kukuona umejitwika ndoo, umefurahi, unamfuata mama wa mtu mwingine kwenye njia ya kwao, na kila mtu anayepita anakusalimia. Hilo nililitaka mimi. Nililitaka liwe Tanga, na aliyelizuia si wewe.

Unakumbuka safari yetu ya Tanga? Unakumbuka bwawa la hoteli, nadhani, na yule mhudumu aliyekufundisha kuhesabu hadi ishirini. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tumekaa Sydney miaka mingi bila kurudi, na mimi nilifanya kazi ya ziada kila Jumapili ili twende. Nilipanga kila kitu mwenyewe, kama wewe sasa. Nikatukatia chumba hotelini, karibu na bahari, chenye kiyoyozi na choo cha kukalia.

Mji niliozaliwa, Salma. Dada yangu Mwanahawa, aliyenilea mama yetu alipofariki, nyumba yake iko Ngamiani, vyumba vinne na ua, na mimi nikafikia hotelini kama mzungu wa katani.

Kwa miaka nimekuacha uamini kwamba tulikaa pale kwa ajili ya starehe yako. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wako. Niliogopa utaingia kwenye choo cha dada yangu, utoke umekunja pua, na yeye akuone. Au usile. Au useme jambo kwa Kiingereza na aniulize umesema nini. Nikaona heri nisiwape nafasi, wewe wala yeye. Hakuna aliyeniambia una tabia hizo. Nilizitunga mwenyewe kwenye treni, nikienda na kurudi kazini.

Tukaenda kwake mchana mmoja tu, kula. Teksi ya hoteli ikatungojea nje, dereva amekaa barazani na majirani wanamwuliza habari zetu. Mwanahawa alitunawisha mikono. Akatuandalia samaki wa kupaka, wali, mchicha, na wewe ulikula mpaka ukalamba vidole, ukamfuata jikoni kumtazama anavyokuna nazi, ukakaa juu ya mbuzi ukajaribu, ukajikwaruza. Nilikuwa nimekaa mkekani natazama saa.

Halafu akatuonesha chumba. Alikuwa amekipaka chokaa upya, ameazima kitanda kikubwa kwa jirani, amejaza godoro sufi mpya, na choo amekisakafia. Barua niliyomwandikia ilisema tunakuja, haikusema tutalala wapi, na yeye hakuona kwamba hilo ni la kuuliza. Wewe ukakaa kitandani. Ukaniuliza kwa Kiswahili chako kile cha kuokoteza, na alikusikia:

"Mama, tunalala hapa?"

Nikakujibu, "Hoteli imeshalipiwa."

Mwanahawa alitoa shuka jipya alilokuwa ametandika kitandani, akalikunja vizuri, akanipa. Akasema, "Basi mkatandike huko, mashuka ya hoteli hulaliwa na kila mtu." Nikalichukua, na teksi ikatupeleka.

Najua hili hulikumbuki hivi, maana niliwahi kukuchokoza ukaniambia unakumbuka nazi tu. Mimi nalikumbuka lote. Kwa hiyo unapokwepa hoteli za Grenada, ukatafuta nyumba ya mtu, kitanda cha mtu, choo cha nje cha mtu, mimi sikuoni kama watu wa kazini kwako wanavyokuona, eti jasiri. Nakuona ukiwa na miaka kumi na sita juu ya godoro la sufi, unauliza swali lilelile, na safari hii umempata mama wa kukujibu ndiyo. Ndiyo maana nakuonea wivu, na yeye namwonea zaidi.

Shauri ninalokupa ni moja. Yule binamu wa pikapu akiwafikisha, teremsheni mizigo yote halafu mwambie aende. Asingoje. Hata kama chumba kinavuja, hata kama Yusuf analia, hata kama siku ya kwanza unajuta. Gari likikungojea nje, wenyeji wanalisikia muda wote, hata injini ikiwa imezimwa.

Sasa kitovu.

Yusuf alipozaliwa ulikuwa umechoka sana, pengine hukufuatilia nilichokuwa nafanya. Zile siku arobaini nilikukanda kwa maji ya moto, nikakupikia uji wa pilipili manga ukaulalamikia, na mtoto nilimwogesha mimi asubuhi na jioni. Kitovu kilipodondoka nilikuwa namvua nguo. Nikakifunga kwa kitambaa cheupe, nikakitia kwenye kikopo changu cha wanja. Kwetu kitovu cha mtoto hakitupwi. Kinazikwa kwao, juu yake unapandwa mnazi, na mtoto akikua anaambiwa ule ni wako. Chako kiko Ngamiani, kwenye ua wa Mwanahawa, karibu na changu. Niliapa nitakipeleka cha Yusuf pale.

Mwaka uleule Mwanahawa akafariki. Ulinishika siku ile, ulilala chumbani kwangu. Lakini hukujua yaliyofuata, kwa kuwa sikukuambia: wapwa zangu waliiuza nyumba kabla mwaka haujaisha. Aliyeinunua amekata minazi, amejenga stoo ya simenti. Leo nikishuka Tanga nitafikia hotelini kweli, kwa kuwa sina pengine.

Basi kikopo kikabaki kwenye droo. Niliwahi kutoka nacho mpaka nyuma ya nyumba hii, nikasimama karibu na kamba ya nguo nikitazama majani. Nikafikiri, uwanja wa mwenye nyumba huu, kesho kutwa atavunja ajenge fleti, mjukuu wangu atakuja kuoneshwa nini? Nikarudi ndani.

Halafu siku moja ukaja, waya wa simu bado umeburuzwa mpaka sebuleni, ukaniuliza kwa upole, kwa Kiswahili chote kabisa, jambo ambalo hulifanyi ila ukitaka kitu kikubwa:

"Mama, kile kitovu cha Yusuf bado unacho? Granny anauliza. Na wao wanazika. Cha Des kiko pale chini ya mnazi, mbele ya ngazi. Amemwekea Yusuf nafasi pembeni yake."

Hukuwa umefanya kosa lolote. Lakini nilisikia kama mtu ameingia chumbani kwangu akafungua droo. Nikasema, "Sijui kiko wapi. Vitu vingi vimepotea."

"It's okay, Mama," ukasema, ukanibusu kichwani. Ungegombana na mimi ningepumua.

Jumamosi iliyofuata Yusuf alikuja jikoni akashika kanga yangu. "Bibi, I've got a tree. At Granny's." Nikamwuliza mti gani. Akasema mkubwa. Nikamwambia sawa. Salma, nina aibu kukuandikia kwamba niliuonea kijicho mti. Nilimwonea kijicho bibi mwenye uwanja, mwenye ngazi, mwenye nafasi pembeni ya mnazi ya kumgawia mtu. Usidhani nilikataa kwa ajili ya mila zetu au dini. Nilikataa kwa sababu yeye ana pa kukizika na mimi sina.

Kuna jambo la mwisho hujui. Jumanne, ulipokuwa zamu, Bi Ernestina alipiga simu. Hakutaka kuzungumza na Daudi. Alitaka mimi. Kiingereza chake na changu havifanani, ilibidi kila mmoja arudie mara mbili. Nilijibana. Nilimjibu kama ninavyowajibu watu wa kuuza bima.

Akaniuliza Yusuf anapenda kulala upande gani. Nikamwambia. Akaniuliza anakula nini akiwa na homa. Nikamwambia. Akaniuliza wimbo gani unamnyamazisha, nikamwambia hutauweza, ni wa Kiswahili. Kisha akasema, na hili nililielewa mara ya kwanza, kwamba mimi nimemshika mtoto tangu ana siku moja, na yeye ana picha moja tu, ya birthday, na mtoto ametazama pembeni. Akasema anaomba Mungu amsamehe, lakini kila Jumapili anapotuombea afya, jina langu linamkwama.

Nisikufiche, nilifurahi. Nilikaa kwenye kiti na simu yangu nikafurahi kwamba kuna mtu duniani ananionea wivu, mimi wa toroli za mashuka. Nikaionja furaha ile vizuri. Haikudumu, kwa sababu nilimjua yule mwanamke. Anaamka asubuhi na kitu kilekile ninachoamka nacho. Anajua kwamba mtoto atakuja miezi mitatu, atamzoea, halafu atapanda ndege. Ule uwanja wake wote hautamzuia. Vitovu vyetu, changu na chako, viko Ngamiani chini ya stoo, na sisi tuko hapa.

Sikumwambia chochote kizuri. Nilimwambia kwaheri na kwamba mtoto asipewe maembe mabichi. Ningeweza kufanya vizuri zaidi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo kitovu hakikupotea. Kiko kwenye mkoba wako wa mkononi, ndani ya ile soksi nyeupe ya Yusuf, nimekitia nilipokuwa nakukunjia koti. Kesho uwanja wa ndege sitakuambia, sitaki kulia mbele ya watu wa forodha. Na usidhani nimepoa. Nakitoa na wivu wangu wote. Nikisubiri nipate mahali pangu mwenyewe pa kukizika, mtoto ataota ndevu, na heri awe na mti kwa watu wengine kuliko kikopo kwangu.

Nina sharti moja, na kwa kuwa ni mimi ninayetoa, nina haki nalo.

Yusuf achimbe mwenyewe, hata kwa kijiko. Bi Ernestina atataka kusema maneno yao, maombi yao. Mwache aseme mpaka amalize, na wewe uinamishe kichwa. Daudi naye akitaka kusema, aseme. Halafu wewe, Salma, uliyenijibu kwa Kiingereza tangu darasa la pili, usimame mbele ya ngazi zile na useme kwa Kiswahili, kwa sauti, watu wote wasikie: hiki kilitunzwa na Bibi Zuhura.

Wakikuuliza umesema nini, usiwaambie.

Mimi mama yako,
Zuhura